Kipimo Ambacho Muuzaji wa Ringi Hakukuambia

Mama mkwe wangu hajui kuendesha gari, lakini ndiye aliyekuwa wa kwanza kuliona kosa langu. Alikuja kututembelea Maskati kutoka Unguja. Asubuhi ya pili akasimama uani akilitazama gari, akasema, "Mwanangu, mbona gari lako limekaa kama mtu aliyevaa viatu vya mwenziwe?"

Nikacheka. Gari ni Toyota Hilux ya milango minne, na wiki mbili kabla nilikuwa nimelivika ringi nyeusi, pana, pamoja na tairi zake. Aliyeniuzia alikuwa anahama nchi na alitaka riali 140 kwa zote nne. Nilimuuliza maswali mawili tu: zina matundu sita? Ni inchi 17? Akajibu ndiyo na ndiyo. Nikalipa. Kijana wangu wa miaka 16 alipiga picha na kuwatumia rafiki zake kabla hata sijamaliza kufunga nati.

Hata hivyo, ishara zilikuwepo. Barabarani usukani ulikuwa ukinipokonya mkono kila nikipita shimo. Milango ilichafuka kwa vijiwe na matope kuliko zamani. Nilipogeuza gari mahali pembamba, kulikuwa na sauti ndogo mbele, kama mtu anayekwangua sufuria. Nikajisemea kwamba ni tairi mpya, zitazoea.

Siku tuliyokwama

Ijumaa moja tukampeleka bibi kuona mchanga wa Sharqiya. Tulipofika Bidiya, pale lami inapokaribia kwisha, nilipunguza upepo hadi PSI 15 kama ilivyo desturi, ili tairi zitanuke na zisizame mchangani. Nyuma wamekaa bibi na watoto wawili, mbele mke wangu na mimi.

Tulikuwa tukishuka kilima kidogo cha mchanga nilipokata kona upande wa kushoto. Gari likainama, springi ya mbele ikabanwa, nikasikia mlio mkali wa kuchanika. Plastiki ya ndani ya madigadi ilikuwa imekamatwa na tairi na kung'olewa. Bati lililobaki wazi, lenye ncha, lilichana ubavu wa tairi. Upepo wote ukatoka kwa dakika moja.

Hakuna aliyeumia, na nashukuru. Lakini kubadilisha gurudumu juu ya mchanga wa moto, jeki inazama, mtoto analia na bibi amekaa kwenye kivuli cha mlango akivuta tasbihi, ni jambo la kumfanya mtu atafakari. Bedui mmoja mkazi wa pale alisimamisha gari lake, akatoa kipande cha ubao mnene cha kuweka chini ya jeki. Bila yeye tungelala pale.

Ningelaumu mchanga, au tairi, au muuzaji. Lakini muuzaji alijibu kweli kila nilichomuuliza. Swali la tatu ndilo sikulijua.

Kina cha nyuma ni nini?

Fundi aliyenifundisha ni mzee aliyezaliwa Zanzibar, sasa yuko huku miaka mingi. Hakunisema sana. Alichukua ringi yangu ya zamani na moja ya zile mpya, akazitoa tairi, akazilaza chini kwa uso, mgongo juu. Akaweka ubao ulionyooka kutoka ukingo hadi ukingo wa kila ringi. Kisha akashusha futi kamba kutoka kwenye ubao hadi kwenye ule uso wa katikati, unaokaa juu ya habu na kubanwa na nati.

Umbali huo ndio wauzaji wanauita bekispesi. Mimi nauita kina cha nyuma. Unaeleza ringi inaingia ndani ya gari kiasi gani kuanzia mahali inapofungwa. Kina kikiwa kikubwa, gurudumu linaingia ndani, kuelekea springi na mikono ya gari. Kina kikiwa kidogo, gurudumu linatoka nje, kuelekea madigadi na barabara.

Ringi yangu ya zamani ilisoma milimita 138. Mpya ilisoma 115. Hiyo ilikuwa siri yote.

Mabomba mawili ya hesabu moja

Kinachowachanganya wengi ni kwamba kuna lugha mbili. Kampuni nyingi za Marekani hutaja kina cha nyuma kwa inchi. Za Japani na Ulaya hutaja ofseti kwa milimita, nayo mara nyingi hupigwa chapa nyuma ya ringi kwa herufi ET na namba, kwa mfano ET30. Ofseti ni umbali kati ya uso wa kufungia na mstari wa katikati kabisa ya ringi. Ikiwa chanya, uso uko upande wa nje na gurudumu linaingia ndani. Ikiwa hasi, gurudumu linatoka nje.

Kuna mtego mmoja hapa. Upana unaoandikwa kwenye ringi ni ule wa mahali tairi linapokaa, si wa ukingo hadi ukingo. Kingo mbili huongeza takriban inchi moja. Kwa hiyo hesabu ni hii: chukua upana ulioandikwa, ongeza inchi 1, gawa kwa 2, kisha jumlisha ofseti. Inchi moja ni milimita 25.4.

Ringi yangu ya kiwandani ni inchi 7.5 na ofseti +30. Upana kamili ni inchi 8.5, yaani milimita 216. Nusu yake ni 108. Jumlisha 30, unapata 138.

Zile za riali 140 zilikuwa inchi 9 na ofseti ya -12. Upana kamili ni inchi 10, yaani milimita 254. Nusu yake ni 127. Ondoa 12, unapata 115.

Sasa tazama upande wa nje. Ringi ya zamani ilitokeza milimita 78 kutoka kwenye habu, mpya ikatokeza 139. Gurudumu langu lilikuwa limesogea nje sentimita 6 kila upande, na tairi zilizokuja nazo zilikuwa ndefu kidogo kuliko zangu. Mama mkwe aliiona tofauti hiyo kwa macho tu.

Kwa nini sentimita chache zina uzito

Fikiria mlango na bawaba zake. Sehemu iliyo karibu na bawaba husogea kidogo, ya mbali huzunguka duara kubwa. Gurudumu la mbele nalo huzunguka kwenye bawaba yake, yaani boljointi. Ukilisogeza nje, kila ukikata kona linafagia duara kubwa zaidi, na ndipo linapofika kwenye madigadi. Ukiwa umepunguza upepo, ubavu wa tairi umevimba. Springi ikibanwa, nafasi inaisha.

Pili, fikiria ndoo ya maji. Ukiishika karibu na mwili unatembea nayo. Ukinyoosha mkono, unachoka baada ya hatua kumi, ingawa maji ni yaleyale. Beringi za gurudumu zinabeba gari kwa namna hiyo. Gurudumu likitoka nje, mkono umenyooshwa. Zitachakaa mapema, na usukani utapigwa na kila jiwe.

Usidhani basi kwamba kina kikubwa ndicho salama. Kosa la upande wa pili ni baya kuliko hili kwa sababu halionekani. Mtu akichukua ringi ya inchi 9 yenye ofseti ileile ya +30, ukingo wa ndani unasogea milimita 19 kuelekea ndani. Huko kuna boljointi, tairodi na mpira wa breki. Madigadi ikikwaruzwa utasikia. Mpira wa breki ukisuguliwa, huenda usijue hadi unateremka Jabal Akhdar na kanyagio linazama.

Na zile spesa zinazowekwa kati ya habu na ringi? Spesa ya milimita 30 hufanya kazi ileile ya kupunguza ofseti kwa 30. Inatoa gurudumu nje. Haikwepi hesabu, inaibadilisha tu.

Kabla ya kutoa pesa

Haya ndiyo ninayoyafanya sasa, na ningewasihi wazazi wenzangu na wanafunzi mnaonunua gari la kwanza myafanye.

Pima ringi iliyoko kwenye gari lako kwanza. Bila hiyo huna cha kulinganisha.

Muulize muuzaji namba tano: kipenyo, upana, idadi na nafasi ya matundu, tundu la katikati, na ofseti au kina cha nyuma. Hilux yangu ina matundu 6 kwenye duara la milimita 139.7, na tundu la katikati ni milimita 106. Magari mengine yana matundu sita ya duara hilohilo lakini tundu la katikati ni dogo, kwa hiyo ringi zake hazikai kwenye habu ya Toyota.

Angalia uzito ambao ringi inaruhusiwa kubeba, hasa ikiwa gari linabeba mizigo.

Usitumie nati za zamani bila kuangalia. Ringi nyingi za kiwandani za alumini za Toyota hufungwa kwa nati zenye washa bapa, na nyingi za madukani zinataka nati zenye ncha ya pia. Nati isiyolingana hulegea. Baada ya kilomita 80 hadi 100, zikaze tena.

Funga gurudumu moja la mbele, geuza usukani hadi mwisho kushoto na kulia. Kisha pandisha gurudumu hilo juu ya jiwe ili springi ibanwe, ugeuze tena. Pitisha mkono ndani, gari likiwa limezimwa na breki ya mkono imevutwa. Kidole kisipopita, hapo hapafai.

Mwisho, uliza kanuni za nchi unayoishi. Uingereza, kwa mfano, tairi linalogusa sehemu ya gari hufelisha ukaguzi wa MOT.

Wanaotuma nyumbani

Wengi wetu tuna ndugu Dar, Mombasa au Pemba anayesema, "Kaka, huko ringi ni rahisi, nitumie." Picha ya WhatsApp haipimi chochote. Mwambie akutumie vipimo vya ringi aliyonayo, siyo picha ya anayoitamani. Ringi nne zikishapanda meli, kurudi kwake ni hasara tupu, na aliyeko kule hatakubali kuzitupa. Atazifunga hivyohivyo, apakie watoto.

Mimi niliziuza zile nyeusi, kwa hasara. Aliyezinunua nilimwandikia vipimo vyote kwenye karatasi, akapima gari lake, ambalo lilikuwa limeinuliwa na kukatwa madigadi. Zikamfaa. Kisha nikanunua ringi za inchi 8 zenye ofseti +25. Kina chake cha nyuma ni milimita 139, tofauti ya milimita moja na zile za kiwandani, na kwa nje zinatokeza takriban milimita 11 tu zaidi.

Aliyezipima ni kijana wangu, kwa ubao wa fundi na futi kamba ya mama yake. Alisoma namba, akaandika, akapima mara ya pili bila kuambiwa. Mwaka ujao ataanza kujifunza kuendesha. Bibi yake alipoona picha ya gari kwenye simu huko Unguja, alituma ujumbe wa sauti mfupi: "Ehee. Sasa limevaa viatu vyake."