Jicho la Mashine Baharini: Je, Ni Shahidi?

 

Ndugu msomaji, Sayyidna Umar (R.A.) alimweka Hunayy kusimamia hima, yaani malisho yaliyohifadhiwa kwa maslahi ya umma. Alimwagiza awaruhusu wenye ngamia na kondoo wachache, na awazuie wanyama wa Abdulrahman bin Auf na Uthman bin Affan. Matajiri hao wakifiwa na mifugo, wana mitende na mashamba. Masikini hana pa kurejea.

Bahari nayo ina washirika wengi. Je, Hunayy wake ni nani? Wataalamu siku hizi hutumia akili mnemba. Setelaiti hupiga picha za rada, zinazoonyesha meli hata usiku na penye mawingu. Programu iliyofundishwa kwa mifano mingi huzitambua meli hizo, kisha huzilinganisha na zile zinazotangaza mahali zilipo kwa mawimbi ya redio. Utafiti uliochapishwa Januari 2024 katika jarida la Nature, kwa picha za 2017 hadi 2021, ulionyesha kuwa asilimia 72 hadi 76 ya meli za uvuvi wa kiviwanda hazikuonekana katika ufuatiliaji ulio wazi kwa umma.

Je, meli iliyonyamaza ni mwizi? Ibn al-Qayyim, katika At-Turuq al-Hukmiyya, ameeleza kuwa bayyina ni kila kinachoibainisha haki, wala haikomei kwa mashahidi wawili. Kwa rai hii, picha ya mashine haitupwi. Lakini kunyamaza peke yake ni qarina tu, kwani si kila nchi huilazimisha kila meli kujitangaza, na mashine nayo hukosea. Qarina humtuma mkaguzi akahakikishe, haimhukumu mtu.

Liko jambo zito zaidi. Rada hiyo haivioni vyombo vingi vilivyo chini ya mita 15. Basi mtawala akigawa maji kwa ramani hiyo peke yake, atamwona mwenye meli kubwa na kumsahau mwenye ngalawa, ambaye ndiye Sayyidna Umar angemtanguliza. Kabla ya kugawa, na ateremke pwani awaulize wavuvi.

Wallahu aalam.