Kipozamataza wa Nyika na Ukoo Wake

Magharibi ya Changamwe, barabara na reli ziendazo Nairobi zikishapita Mariakani, minazi hupungua na nafasi yake hushikwa na nyika ya Taru, eneo la migunga, vichaka vya miiba na udongo mwekundu, ambalo hupata mvua haba kuliko mwambao wa Likoni na Kisauni. Humo huishi kipozamataza mwenye kifua cha waridi, ndege mdogo wa hudhurungi ajulikanaye kisayansi kwa jina la Calendulauda poecilosterna, ambaye hutafuta wadudu na mbegu kwenye ardhi tupu, kisha hupanda kileleni mwa kichaka ili kuimba.

Mtaalamu wa Kijerumani Anton Reichenow ndiye aliyemweleza kisayansi mwaka 1879, lakini kumpatia ukoo wake halisi kulichukua muda mrefu. Kwamba ni wa familia ya vipozamataza, yaani Alaudidae, huonekana mguuni, kwa kuwa upande wa nyuma wa muundi wake ni wa mviringo na una magamba, ilhali kwa ndege wengi waimbao upande huo ni laini na wenye ukingo mkali. Ugumu ulikuwa katika jenasi, ambayo ni kundi la spishi zilizotokana na mhenga mmoja wa karibu. Vitabu vingi vilimweka katika jenasi ya Mirafra kwa kufuata umbo na rangi, vigezo vinavyopotosha sana kwa ndege hawa, kwani spishi zisizo na udugu wa karibu hufanana zikiishi juu ya udongo wa namna moja, huku ndugu wa damu wakitofautiana. Uchunguzi wa vinasaba ulioongozwa na Per Alström na kuchapishwa mwaka 2013 ulidhihirisha mkanganyiko huo, na leo ndege huyu huhesabiwa katika Calendulauda, pamoja na jamaa ambao wengi wao wanaishi katika maeneo makavu ya Namibia na Afrika Kusini.

Spishi hii haimo hatarini kwa sasa. Hata hivyo, ndege huyu anahitaji vichaka na ardhi tupu kwa pamoja, na ukataji wa miti kwa ajili ya mkaa unaouzwa Mombasa humwondolea kimoja kati ya hivyo viwili. Msomaji asafiriye kwenda Voi na akamtambua anaombwa awasilishe taarifa kwa mradi wa Kenya Bird Map, unaokusanya kumbukumbu za ndege kutoka kwa wananchi nchini kote.