Gereza la Kilwa na Dhahabu Iliyotoka Mbali

Haya, wajukuu zangu wa Bugarama, sogeeni. Leo nawapeleka pwani, kwenye ngome iliyochakaa ukingoni mwa Bahari ya Hindi. Nimeichagua kwa sababu ya dhahabu, na dhahabu ninyi mnaijua. Mnaujua mlio wa karasha likisaga mawe ya mbale. Mnawajua kina baba wanaoshuka duarani alfajiri, na mgodi wa Bulyanhulu ni jirani yenu. Je, mmewahi kujiuliza dhahabu ikishatoka ardhini inakwenda kwa nani?

Miaka zaidi ya 700 iliyopita, dhahabu iliyochimbwa nyanda za juu za Zimbabwe ilibebwa hadi bandari ya Sofala, katika Msumbiji ya leo. Hapo ilipakiwa majahazini, na upepo wa kusi ukaisukuma kaskazini mpaka Kilwa Kisiwani, mkoani Lindi. Kilwa haikuwa na shimo hata moja la dhahabu. Wafanyabiashara wake walipeleka Sofala nguo na shanga, wakarudi na dhahabu, na sultani akatoza ushuru. Mali hiyo ilipanua Msikiti Mkuu wenye makuba. Ikajenga pia Husuni Kubwa, kasri ya Sultani al-Hasan bin Sulaiman, yenye vyumba zaidi ya 100 na bwawa la pembe nane. Msafiri Ibn Battuta wa Morocco alifika mwaka 1331, akausifu mji ule kuwa miongoni mwa miji mizuri kuliko yote aliyoiona.

Sifa hizo zilifika mbali, hata kwa watu wenye mizinga. Mwaka 1502 Vasco da Gama wa Ureno alitia nanga Kilwa na kumlazimisha mtawala wake, Amir Ibrahim, alipe kodi ya dhahabu. Alichoondoka nacho kinatajwa kuwa mithqali 1,500, yaani zaidi ya kilo 6. Ninyi mnaojua mchimbaji anavyohangaika kwa gramu chache mnaweza kuupima uzito huo. Mfalme Manuel wa Ureno aliagiza dhahabu hiyo ifuliwe kuwa chombo cha ibada cha kanisani. Kilikamilika mwaka 1506, na mpaka leo kimo katika jumba la makumbusho la Lisbon, kinang'aa. Fundi aliyekifua anatajwa kwa jina, Gil Vicente. Waliochimba dhahabu yenyewe hawatajwi popote, na jambo hilo linaniuma.

Julai 1505 Wareno walirudi na kundi kubwa la merikebu chini ya Francisco de Almeida. Amir Ibrahim alikimbia na mji ukaporwa. Wareno wakachagua nyumba imara kuliko zote karibu na maji, wakabomoa za jirani, wakaigeuza kuwa ngome na kuiita Santiago. Walikaa miaka 7 tu. Wenye dhahabu walianza kukwepa bandari zilizoshikwa na Wareno, na mwaka 1512 askari wakaondolewa.

Ngome ikasimama upya kwa sababu nyingine, na hii ni chungu zaidi. Mwaka 1776 sultani wa Kilwa alitia saini mkataba na Mfaransa aliyeitwa Morice, akiahidi kumuuzia watumwa 1,000 kila mwaka wapelekwe kisiwa ambacho leo ni Mauritius. Biashara hiyo iliwavutia Waomani. Miaka ya 1780 waliitwaa Kilwa, wakaweka askari wao, na ngome ikajengwa tena juu ya mabaki ya ile ya Wareno. Ndiyo maana mimi siiiti ngome ya Wareno, ingawa wengi huiita hivyo: sehemu kubwa ya kuta mtakazoziona ni kazi ya Waomani. Wenyeji huiita Gereza.

Tuingie basi. Gereza liko ufukweni kabisa, likitazama maji yaliyo kati ya kisiwa na bara, hivyo kila chombo kilichoingia bandarini kilionekana. Lina pande nne. Kwenye pembe mbili zinazotazamana kwa mshazari umetokeza mnara, pembe nyingine mbili hazina kitu. Msidhani walipungukiwa na mawe. Kila mnara unalinda kuta mbili zinazokutana chini yake, kwa hiyo mlinzi wa huku na mlinzi wa kule waliweza kuona pande zote nne.

Unaingia kwa mlango mzito wa mbao, unapita unene wa ukuta, unatokea uani. Ua uko wazi juu, na vyumba viliuzunguka, vikiegemea kuta za nje. Sogea karibu na ukuta uutazame vizuri. Mawe yake ni matumbawe, mawe ya baharini, na ukikaza macho utaona vitundu na mistari ya viumbe vilivyoyajenga. Kilichoyashika ni chokaa. Mafundi wa pwani walipanga magogo, wakarundika matumbawe juu, wakachoma, kama huku tunavyochoma tanuri la matofali. Unga mweupe uliobaki ulichanganywa na maji na mchanga. Dari zilibebwa na boriti za mikoko. Boriti huoza, mawe hubaki, ndiyo maana magofu ya pwani mengi hayana paa.

Adui wa Gereza siku hizi ni bahari yenyewe. Mawimbi yamekula ukingo wa ufuko mpaka sehemu ya ukuta ikaanguka. UNESCO iliyaingiza magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981, na mwaka 2004 ikayaweka kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Kuta zilikarabatiwa, na mwaka 2014 magofu yakaondolewa kwenye orodha hiyo ya hatari.

Mkipata nafasi, nendeni. Mtashuka Kilwa Masoko, mtachukua kibali ofisini, kisha mtapanda mashua kuvuka. Gereza ni miongoni mwa vitu vya kwanza mtakavyoviona mkikaribia kisiwa. Mkifika uani, mwulizeni anayewatembeza awaonyeshe palipobaki mawe ya Wareno na pale Waomani walipoanzia.