Pikapu ya Nyumbani: Yafaa Kupima Kabla ya Kununua

Wahenga walinena kwamba haraka haraka haina baraka, na neno hilo lina uzito mkubwa katika ununuzi wa gari. Kwa askari wa jeshi au wa polisi, fedha za gari aghalabu ni akiba ya miaka mingi, au mkopo unaokatwa katika mshahara kila mwezi, au sehemu ya kiinua mgongo ambayo haitapatikana mara ya pili. Gari likichaguliwa vibaya, watakaolilipia ni watoto, kwa karo yao na kwa chakula chao.

Familia nyingi hupendelea pikapu kwa sababu ni gari moja lenye kazi tatu. Asubuhi hupeleka watoto shuleni na wazazi kazini. Jumamosi huleta matoke na mahindi kutoka shambani. Na mara moja moja huvuta tela lenye mbuzi, mbao au tangi la maji. Toyota ilipoanza kuuza Hilux mwaka 1968, gari hilo lilikuwa na injini ya lita 1.5 na uwezo wa kubeba tani 1. Isuzu, Nissan, Mitsubishi na Ford nao wana pikapu zao, na magari yenyewe yamekua: ya leo yenye kabini mbili hufikia urefu wa mita 5.3 hivi. Kwa hiyo mnunuzi hana budi kujiuliza anahitaji gari la ukubwa gani, wala si jina gani.

Hesabu siku zako

Yafaa mume na mke wakae pamoja na karatasi, waandike safari zote za mwezi mmoja: nani alikwenda wapi, pamoja na nani, akiwa na mzigo gani. Mara nyingi itaonekana kwamba tela huvutwa siku chache tu katika mwaka, ilhali watoto husafiri karibu kila siku. Basi gari na lichaguliwe kwa ajili ya siku zile nyingi, mradi liweze kuvuta tela kwa usalama katika siku zile chache. Na kama mzigo mkubwa hutokea mara mbili kwa mwaka, wakati wa mavuno, ni nafuu kukodi lori siku hizo mbili kuliko kulisha injini kubwa mwaka mzima.

Kabini moja hutoa sanduku refu la mizigo, nayo huwafaa watu wawili. Mwenye watoto atafute kabini mbili, kwa maana mtoto aketiye juu ya mizigo nyuma hana mkanda wala kizuizi gari likipinduka. Ikumbukwe pia kwamba springi za pikapu hutengenezwa kwa ajili ya mzigo. Sanduku likiwa tupu, gari hurukaruka, na mkia wake huteleza upesi kwenye barabara ya udongo iliyolowa.

Uzito hauna upendeleo

Wengi huona nafasi iliyobaki katika sanduku wakadhani ndiyo uwezo wa gari. Sivyo. Uwezo umeandikwa katika kitabu cha gari, nao huhesabu watu, mizigo na hata mkandamizo wa tela.

Mfano ni pikapu ya kabini mbili inayoruhusiwa kubeba kilo 900. Watu 5 wa kilo 70 kila mmoja ni kilo 350. Tela la kilo 1,200 likipakiwa sawasawa hukandamiza ndoano kwa sehemu moja ya kumi ya uzito wake, yaani kilo 120. Hizo ni kilo 470. Zimesalia kilo 430, ambazo ni magunia 4 ya kilo 100, wala si 10. Akizidisha, mkia hushuka, pua hupanda, na magurudumu ya mbele hupoteza nguvu ya kukata kona na kusimama.

Vile vile kuna kikomo cha uzito wa gari na tela kwa pamoja, nacho kisipuuzwe. Baadhi ya pikapu kubwa za dizeli za leo huruhusiwa kuvuta hadi kilo 3,500, lakini hiyo ni kwa tela lenye breki zake lenyewe. Kwa tela lisilo na breki, kikomo cha kawaida ni kilo 750. Lita moja ya maji ina kilo 1. Basi tangi la lita 1,000 ni tani nzima kabla ya kuhesabu tangi na tela. Mwenye kuchota maji kwa tela lisilo na breki amekwisha kuvuka mpaka.

Injini na milima

Injini ya dizeli huvuta kwa nguvu ikizunguka polepole, jambo linalofaa tela na mlima. Injini ya petroli huwa na bei nafuu na matengenezo mepesi, nayo hutosha kwa safari fupi za mjini. Anayeishi nyanda za juu azingatie jambo jingine: injini isiyo na turbo hupoteza karibu asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 za mwinuko. Kampala iko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na Kabale iko juu zaidi. Turbo hufidia sehemu kubwa ya upungufu huo.

Hata hivyo, hatari kubwa iko katika kuteremka. Dereva ashuke kwa gea ile ile ambayo angepandia, ili injini isaidie kuzuia gari. Breki zikikanyagwa mfululizo hupata moto na kulegea. Mwendo wa kilomita 80 kwa saa ni mita 22 kwa sekunde moja; tani moja inayosukuma kutoka nyuma haitoi nafasi ya kufikiri.

Mzigo wa tela uelemee mbele kidogo ya ekseli. Ukielemea nyuma, tela huyumba kama mkia wa samaki. Likianza kuyumba, dereva aachie mafuta taratibu, ashike usukani imara, wala asikanyage breki kwa ghafula. Kabla ya safari, minyororo ya usalama ifungwe na taa za nyuma zijaribiwe.

Gari lililokwisha kutumika

Sheria ya Uganda iliyorekebishwa mwaka 2018 ilikataza kuingiza gari lililotimiza miaka 15 tangu kutengenezwa, isipokuwa aina chache maalumu. Kenya nayo imeweka kikomo cha miaka 8. Mnunuzi alinganishe nambari ya chesisi na ile ya kadi ya gari, kisha alale chini atazame kama chesisi imeunganishwa kwa moto au imeliwa na kutu. Moshi wa buluu maana yake injini inakula oili. Moshi mweusi maana yake mafuta hayaungui vema. Tairi nayo husema umri wake: tarakimu 2319 ni juma la 23 la mwaka 2019. Likiwa na ndoano ya tela, klachi na gea zichunguzwe kwa makini zaidi, kwa maana gari hilo limekwisha kufanya kazi ngumu.

Fundi asiyelipwa na muuzaji ndiye atoe shauri la mwisho. Gari lijaribiwe likiwa na watu wote wa nyumbani ndani yake, na mzigo wa kweli nyuma, kwenye mlima wa kweli. Aidha, fedha zote zisiishie katika bei. Ziachwe za bima, za tairi nne na za matengenezo ya kwanza, kwani pikapu iliyolala uani kwa kukosa tairi haimpeleki mtoto shuleni. Mama wa nyumba, ambaye mara nyingi ndiye ajuaye gharama za kila siku, asiitwe baada ya hati kutiwa sahihi, aitwe kabla.