Gunia Lenye Unyevu: Neno kwa Wakazi wa Handeni na Korogwe

Katika wilaya za Handeni na Korogwe ni shida kuipata nyumba isiyouza mahindi wala isiyoyanunua. Handeni huyalima, na mengi hushuka Mkata kuifuata barabara kuu. Korogwe nayo hulima, lakini ina watu wengi wafanyao kazi katika mashamba ya mkonge, Magunga, Ngombezi, Mwelya na Magoma, ambao unga wao watoka dukani au sokoni, nao hawajui mahindi yale yalivunwa lini wala yalianikwa juu ya nini. Mkata mkonge wa Magoma na mkulima wa Handeni huenda wasionane maisha yao yote. Hata hivyo usalama wa watoto wa mmoja umo mikononi mwa mwingine. Ndiyo sababu twaona yafaa leo kuzungumza juu ya gunia la mahindi, hasa gunia lililofungwa kabla halijakauka.

Mahindi yenye unyevu huota kuvu. Jambo hilo kila mama alijua. Lisilojulikana na wengi ni kwamba aina fulani ya kuvu hiyo hutengeneza sumu ambayo wataalamu huiita aflatoksini, na ambayo siku hizi kwa Kiswahili twaiita sumukuvu. Sumu hiyo haina rangi, haina harufu, haina ladha. Moto wa jikoni hauiui: ugali uchemke upendavyo, uji utokote asubuhi nzima, sumu yabaki mle mle. Kuvu yenyewe yaweza kupukutishwa au kupepetwa ikatoweka machoni, na sumu iliyokwisha kuingia ndani ya punje ikabaki.

Dunia nzima haikuijua sumu hii mpaka mwaka 1960, wakati bata mzinga wapatao 100,000 walipokufa katika mashamba ya Uingereza. Wenyewe walidhani ni maradhi mapya. Baada ya uchunguzi ikaonekana kwamba ndege wale walilishwa mashudu ya karanga yaliyoota kuvu, yaliyotoka Brazil. Basi ilitakiwa hasara ya matajiri wa ndege ndipo maabara zianze kutafuta. Hatujui ni wangapi katika vijiji vya Afrika waliokwisha kuzikwa kabla ya hapo, ikasemwa kuwa ni kurogwa au ni homa ya manjano tu.

Asiwepo mtu wa kutuambia kwamba haya ni mambo ya mbali. Katikati ya mwaka 2016 watu walianza kuugua katika wilaya za Chemba na Kondoa, mkoani Dodoma, na Kiteto, mkoani Manyara. Walitapika, matumbo yakavimba, macho yakawa manjano. Uchunguzi ulihesabu wagonjwa 68, na kati yao 20 walifariki. Chanzo kilikuwa ni mahindi ya nyumbani mwao wenyewe. Kiteto imepakana na Kilindi, na Kilindi ilikuwa sehemu ya wilaya ya Handeni mpaka ilipogawanywa mwaka 2002. Mahindi hayaulizi mpaka wa mkoa. Miaka 12 kabla ya hapo, mwaka 2004, majirani zetu wa Kenya walipatwa na balaa hilo hilo kwa ukubwa zaidi: wagonjwa 317 na vifo 125, wengi wao Makueni na Kitui, ambako mahindi yalihifadhiwa majumbani yakiwa na unyevu.

Hao ndio waliokufa kwa ghafla, wakahesabiwa. Lakini yuko pia alaye sumu kidogo kidogo mwaka baada ya mwaka. Huyo haanguki shambani. Ini lake ndilo lidhoofikalo, na wataalamu wa saratani duniani wameiweka aflatoksini katika orodha ya vitu vilivyothibitishwa kuleta saratani kwa binadamu. Mwenye virusi vya homa ya ini aina ya B hatari yake huzidi mara nyingi, na kwa sababu hiyo mzazi asiache kumpeleka mtoto mchanga kliniki apate chanjo zake, kwa kuwa chanjo ya homa hiyo imo ndani yake. Watafiti wameona vilevile kwamba watoto walao sumu hii mara kwa mara mara nyingi ndio hao hao waliodumaa.

Sasa tuulize: kwa nini gunia hufungwa na unyevu, hali mkulima wa Handeni hakuzaliwa jana? Watu wa nchi hii waijua thamani ya ghala kuliko wengi. Njaa ya miaka ya 1830 iliwafukuza Wazigua wengi mpaka pwani, na wengine wakaishia utumwani katika bonde la mto Juba huko Somalia. Wajukuu wao walirudi kama wakimbizi katika miaka ya 1990, na kuna waliopewa makazi hapo hapo Handeni, kijijini Chogo. Watu wenye kumbukumbu kama hiyo hawahitaji kufundishwa kutunza chakula. Kosa, kwa maoni yetu, limo katika bei.

Mnunuzi hufika shambani na lori lake. Hapimi ukavu, hutazama gunia limejaa kiasi gani, na akiweza hulijaza mpaka likafanya kilemba, ile lumbesa ambayo sheria ya vipimo imeikataza. Mkulima aliyeanika siku tano na yule aliyeanika siku moja hulipwa bei ile ile. Tena wakipima kwa mizani, yule wa siku moja ndiye apataye zaidi, maana maji nayo yana uzito. Nani basi atajitaabisha na jua? Kisha lori hufunikwa turubai, joto hupanda ndani, na kuvu hupata nyumba njema kuliko ile ya shambani. Tungependa sana kuona vyama vya ushirika na wanunuzi wakubwa wakimlipa zaidi mwenye mahindi makavu. Shilingi chache za ziada katika kila gunia zingefanya kazi ambayo mabango mia hayataifanya.

Kipimo cha ukavu si lazima kiwe mashine. Mahindi ya kuweka ghalani yasizidi unyevu wa 13.5 kwa mia. Mtu asiye na chombo cha kupimia na achukue chupa kavu ya kioo yenye kifuniko, atie mahindi kiasi cha robo, kisha chumvi kavu vijiko vichache, atikise vizuri, aiache dakika 15. Chumvi ikigandama kwenye kioo, mahindi hayo yana unyevu uzidio 15 kwa mia, na yarudi juani bila ubishi. Chupa ikibaki safi, afadhali yaanikwe siku moja zaidi kwa usalama, kisha yahifadhiwe.

Kuanika nako kuna adabu yake. Kuvu hukaa udongoni. Mahindi yaliyomwagwa juu ya ardhi tupu huyachukua maradhi yake papo hapo. Yaanikwe juu ya turubai, jamvi au kichanja, na yafunikwe wingu likijikusanya. Yasipigwe kwa fimbo mpaka punje zipasuke, maana kila ufa ni mlango. Wadudu pia hufungua milango: dumuzi, yule mgeni aliyeonekana kwanza upande wa Tabora mnamo miaka ya 1970 na 1980, na ambaye wakulima walimbandika jina la Scania kwa jinsi anavyosaga, hutoboa punje na kuiachia kuvu njia. Ghalani magunia yawekwe juu ya mbao, yasiguse sakafu wala ukuta. Iko mifuko ya tabaka tatu isiyopitisha hewa, nayo ni mizuri sana dhidi ya wadudu bila dawa yoyote. Lakini atakayetia humo mahindi mabichi atakuwa amejinunulia hasara.

Twageuka sasa kwa mnunuzi. Viwango vya Afrika Mashariki vimeweka mpaka wa sehemu 10 za sumu hii katika sehemu bilioni 1 za mahindi. Ukifanya hesabu, hiyo ni miligramu 1 katika gunia la kilo 100, yaani uzito wa punje chache za chumvi ya mezani. Hapana jicho liwezalo kuona hivyo, wala muuza duka haapi kwa uongo asemapo kuwa mahindi yake ni mazuri, naye haoni. Hata hivyo mnunuzi hakuachwa bila silaha. Akatae punje zilizokunjamana, zilizobadilika rangi, zilizotobolewa au zenye vumbi la kijani na njano. Akinunua mahindi, ayachague kabla ya kwenda mashineni, kwa sababu sehemu kubwa ya sumu mara nyingi hukusanyika katika punje chache mbovu. Akinunua unga wa pakiti, atazame alama ya Shirika la Viwango, TBS, ambalo tangu mwaka 2019 ndilo lenye jukumu la usalama wa chakula.

Jambo la dona na sembe lataka uangalifu. Dona ni chakula bora, nasi hatumkatazi mtu. Lakini sumu hukaa zaidi katika ganda na kiini, na kukoboa huondoa sehemu kubwa yake. Kwa hiyo dona ni ya mahindi ambayo mtu ayajua na ameyachagua mwenyewe; mwenye mashaka na mahindi yake heri akoboe. Pumba za mahindi mabaya nazo zisipelekwe zizini, maana ng'ombe aliyezila huitoa sumu katika maziwa.

Na zile punje mbovu zilizochaguliwa huenda wapi? Hapa ndipo panapotuudhi. Katika nyumba nyingi hupewa kuku, au huuzwa bei nafuu kwa wapika pombe, au husagwa zikauzwa kwa asiye na fedha. Pombe haiui sumu hii. Mtu maskini hapaswi kuwa jalala la takataka za ghala. Punje hizo zichomwe au zifukiwe, ijapokuwa roho yauma.

Waliodhani kwamba jambo hili ni la madaktari tu walionyeshwa vingine tarehe 5 Machi 2021, Kenya ilipozuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu. Siku chache baadaye zuio liliondolewa, lakini kwa masharti: kila shehena iwe na hati ya kuonyesha kwamba sumu haizidi kile kipimo cha 10 katika bilioni. Mkulima aliyetegemea soko la kaskazini alijifunza siku hiyo kwamba unyevu una bei.

Tuna ombi kwa mabalozi wa mashina na viongozi wa vyama vya wafanyakazi katika mashamba ya mkonge. Wakisikia kwamba katika nyumba moja, au nyumba kadhaa zinazokula unga wa duka moja, watu wanatapika, wanaumwa tumbo chini ya mbavu za kulia, miguu au matumbo yanavimba na macho yanageuka manjano, wasingoje. Wagonjwa wapelekwe hospitali siku ile ile, ule unga usiliwe tena na mtu wala mnyama, na kiasi chake kifungwe katika mfuko safi na kukabidhiwa kwa bwana afya ili upimwe. Pamoja na unga yatajwe na mahali uliponunuliwa.