Umeme umepata sheria, mito ya Beni bado inangoja

Tangu Goma ilipoanguka mikononi mwa waasi wa M23 mwishoni mwa Januari 2025, serikali ya jimbo la Kivu ya Kaskazini, mashariki mwa Kongo, inafanyia kazi zake Beni. Mwenye kiwanda cha sabuni au kituo cha kahawa, aliyezoea kumsikia mkaguzi wa mazingira kama mtu wa Goma au Kinshasa, sasa anaye kama jirani. Mkaguzi huyo akibisha hodi, atadai nini?

Kwa sheria zilivyo, ana mengi ya kudai. Sheria ya misingi ya mazingira ya Julai 2011 inataka kila mradi unaoweza kuleta madhara ufanyiwe kwanza utafiti wa athari kwa mazingira na kwa jamii. Tangu 2014 kuna shirika la taifa la kuupima utafiti huo, ACE, na Machi 2023 sheria yenyewe ilirekebishwa ili kuingiza biashara ya hewa ukaa. Juni 2014 ilitoka sheria ya umeme iliyoondoa ukiritimba wa SNEL, kampuni ya umeme ya serikali. Siku ya mwisho ya 2015 ikafuata ile ya maji, ambayo iliwafungulia wengine kazi ya REGIDESO, kampuni ya maji ya serikali, ikayapa majimbo na miji sehemu kubwa ya wajibu, na kuweka kanuni kwamba anayechafua ndiye anayelipa. Desemba 2017 mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku kwa dekreti, lakini sokoni nyanya bado zinafungwa humo humo.

Katika hizo zote, iliyogusa viwanda vya huku ni ya umeme, kwa sababu ilikuta watu wenye haja na wenye mtaji. Wafanyabiashara wa mji wa Butembo walikuwa wamechoka zamani kungoja waya wa serikali. Walishaungana katika kampuni ya SENOKI wakitafuta umeme wao wenyewe kabla sheria haijatungwa. Leo kampuni ya ENK inauza umeme wa kituo cha Ivugha. Chini ya Rwenzori, pale Mutwanga, Hifadhi ya Virunga ilifungua mwaka 2013 kituo kidogo cha umeme wa maji cha kilowati zipatazo 400, na kiwanda cha sabuni cha SICOVIR kikapata nguvu ya kuendesha mashine zake. Hifadhi hiyo ikaendelea na Matebe huko Rutshuru, megawati 13.6, kisha Luviro huko Lubero, megawati 14.6. Hesabu ya mwenye kiwanda ni rahisi: mazutu hutoka baharini, hupita nchi za watu, na kila mpaka huongeza bei. Maji ya mlimani hayalipi ushuru njiani.

Jikoni, hata hivyo, umeme haujafika. Beni na Butembo bado zinapika kwa makala, yaani mkaa, na sehemu ya makala hayo inatoka ndani ya Virunga, ambako kukata mti ni kosa. Mikaratusi inayopandwa Lubero na kuizunguka Butembo inasaidia, na mradi wa EcoMakala wa shirika la WWF umekuwa ukiwahimiza wakulima tangu 2007. Lakini kwa maoni yangu, askari wa hifadhi hawezi kushindana na gunia la makala. ARE, mamlaka inayodhibiti sekta ya umeme, ikitaka kuokoa msitu, ianze na bei ya uniti anayonunua mama wa kawaida.

Kwenye maji hali ni mbaya zaidi. Tazama kituo cha kuoshea kahawa kwenye miteremko ya Rwenzori wakati wa mavuno. Kahawa mbivu inapimwa, inamiminwa kwenye mashine ya kumenya. Maganda mekundu yanatoka upande huu, punje zenye utelezi zinaingia upande ule kwenye beseni la saruji zichachuke, kisha zinaoshwa kwa maji mengi. Maji yanayobaki ni machachu na yamejaa sukari. Yakiachwa yateremke kijitoni, yanamaliza hewa ya majini, samaki wanakufa, na harufu inamfuata hadi bondeni anayeteka kwa kidumu. Dawa yake haihitaji mkopo mkubwa: mashimo kadhaa ya kutuamisha maji, chokaa ya kupunguza uchachu, maganda yageuzwe mbolea. Anayeuza kwa wanunuzi wenye kudai vyeti huchimba mashimo hayo kwa sababu anakaguliwa. Wengine hawaulizwi na mtu. Na mito hii inaingia Semuliki, nao Semuliki unaingia Ziwa Albert, kwa hiyo uchafu wetu unakuwa shida ya jirani pia.

Kakao nayo inatufundisha kwamba mnunuzi wa nje anabana kuliko serikali. Kanuni ya Umoja wa Ulaya ya 2023 inakataza kakao na kahawa iliyolimwa kwenye msitu uliokatwa baada ya Desemba 31, 2020, na anayeuza huko lazima aonyeshe kila shamba lilipo. Utekelezaji wake umeahirishwa zaidi ya mara moja, lakini mnunuzi mwenye soko Ulaya hawezi kupuuza. Inasikitisha kwamba sheria ya Brussels inaweza kuwa na makali Beni kuliko ya Kinshasa.

Wapo watakaosema usalama hauruhusu. Ni kweli, waasi wa ADF wamekuwa wakiua raia katika eneo la Beni tangu 2014, na si haki kumtuma mkaguzi kijijini peke yake. Ila viwanda vya sabuni, mafuta na vinywaji vilivyo ndani ya miji ya Beni na Butembo vinafikika kwa pikipiki. Serikali ya jimbo, ikiwa sasa iko hapa, ianze navyo: kila kiwanda kionyeshe utafiti wake wa athari na mahali maji yake machafu yanapoishia, na FEC ya Butembo, shirikisho la wafanyabiashara, iwaambie wanachama wake wasisubiri faini ndipo wachimbe shimo.