Majibu ya Choo na Maana Yake

Sisi tukaao Bigwa, chini ya milima ya Uluguru, tukiharisha siku nyingi hupeleka choo kupimwa. Cheti kikirudi kimeandikwa kwamba hakuna amiba, twafurahi na kwenda zetu. Hapo ndipo twakosea. Darubini hutafuta amiba, mayai ya minyoo, chembe za damu na za usaha. Isipoona wadudu, haikusema kwamba utumbo ni mzima.

Kipo kipimo kingine, ingawa si kila maabara inacho, nacho hutafuta kalprotektini, protini iliyoelezwa na wataalamu wa Norway mwaka 1980. Imo ndani ya chembe nyeupe za damu, askari wa mwili. Utumbo ukivimba kwa ndani, askari hao huingia humo kwa wingi, na protini yao hutoka pamoja na choo. Kwa mtu mzima, chini ya mikrogramu 50 katika gramu moja ya choo kwa kawaida si neno; kupita 250 ni dalili kubwa ya kuvimba; baina ya hizo, mara nyingi daktari hutaka kupima tena baada ya majuma machache.

Lakini kipimo hiki chasema nyumba inaungua, hakisemi ni nani aliyetia moto. Yaweza kuwa vijidudu vya kuhara damu, au vidonda vya utumbo vya kudumu, hata saratani. Vidonge vya maumivu navyo, kama diklofenaki na aspirini, ambavyo twavitafuna kama njugu, huweza kuipandisha hesabu. Basi tumwambie daktari yote tuliyomeza.

Na aonaye damu chooni, au akondaye bila sababu, asingoje hesabu yo yote: aende kwa daktari, hata kama cheti chake ni safi.